Mbunge wako hana hela ya daraja, ana vitu vingine ambavyo hatumdai

Mwaka juzi nilikaa kwenye mkutano wa hadhara wa mbunge, uwanja wa shule ya msingi, saa tisa mchana jua bado kali, watu wamejibana kwenye kivuli cha miembe. Mama mmoja akapewa maiki akasema Mheshimiwa, mvua zikianza watoto wetu hawavuki mto kwenda shule, daraja ulituahidi tangu kampeni, liko wapi? Mbunge akamjibu kwa upole kabisa, mama yangu hilo nimeshalisemea bungeni na Serikali imetoa majibu. Makofi. Likaja swali la zahanati, likaja la jezi za timu ya kata, ikaja michango ya ujenzi wa msikiti na wa kanisa, jioni ikaingia watu wakatawanyika.

Usiku ule nikaingia kwenye tovuti ya Bunge, kule wanakoweka Hansard, yaani taarifa rasmi ya yote yanayosemwa ukumbini, nikatafuta jina la mto. Nikalikuta swali. Mbunge hakudanganya, aliuliza kweli, na Naibu Waziri alijibu kwamba daraja litajengwa kulingana na upatikanaji wa fedha. Basi. Hakuna mwaka, hakuna kiasi. Na pale uwanjani hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyemuuliza hayo majibu ya Serikali yalisemaje.

Tangu hapo nimekuwa nafuatilia hii kazi ya ubunge kwa karibu, nasikiliza vikao, nasoma Katiba, na kila nikikaa na watu naona tunambebesha mbunge mizigo ambayo siyo yake halafu ile ambayo ni yake kabisa tunamwachia anaenda nayo Dodoma peke yake bila mtu wa kumuuliza. Naomba nieleze nilivyoielewa.

Kwanza tuelewane kwenye hela. Mbunge wa Tanzania hana fungu la barabara, hana la maji, hana la umeme. Barabara za vijijini na mitaa ya mijini zipo TARURA tangu 2017, barabara kuu na za mikoa zipo TANROADS, maji vijijini yapo RUWASA tangu 2019, umeme upo TANESCO na REA, na meneja wa hizo taasisi pale wilayani bosi wake siyo mbunge, ana mstari wake unaopanda mpaka kwa waziri. Kitu pekee chenye sura ya hela karibu na mbunge ni Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, jina lake kamili ni mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, na mbunge ndo mwenyekiti wa kamati yake. Hilo neno kuchochea halikuwekwa kwa bahati mbaya. Wananchi wamenyanyua boma la darasa, mfuko unaleta mabati na saruji wamalizie. Daraja la mto haulijengi. Na wabunge wa viti maalum hata huo hawana kwa sababu hawana jimbo.

Halafu kuna kitu wengi hatukijui, Katiba yenyewe imemfunga mbunge mikono upande wa matumizi. Ibara ya 99 inasema Bunge halitashughulikia jambo la kuweka kodi mpya, kupandisha kodi, au kuamuru fedha zaidi zitoke kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, mpaka Rais awe amependekeza na waziri alilete. Kupunguza mbunge anaweza kupendekeza, kuongeza hawezi. Yaani hata awe na uchungu kiasi gani na ule mto, hawezi kusimama ukumbini akasema naomba tuandike bilioni mbili za daraja letu hapa, tupige kura, iishe. Anachoweza ni kumbana aliyeshika kalamu mpaka aandike. Ukilielewa hili basi kazi nzima ya ubunge inabadilika machoni kwako, kwa sababu unaacha kumpima kwa alichojenga unaanza kumpima kwa namna anavyobana, na kubana kuna vifaa vyake, na kila kifaa kina muda wake.

Katiba imeandika hivyo vifaa kwenye Ibara ya 63. Kuuliza waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma yaliyo chini yake, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa bajeti, kujadili na kuidhinisha mipango ya Serikali, kutunga sheria, kuridhia mikataba ya nchi. Na Ibara ya 100 inamlinda anayoyasema ndani ya ukumbi, hashtakiwi mahakamani kwa mchango wake bungeni. Hiyo kinga siyo zawadi ya mbunge, ni yetu sisi, tumempa ili aseme ambacho wewe na mimi tukikisema mtaani tunaweza kuitwa kujieleza.

Tuanze na maswali maana ndo tunayoyasikia kila asubuhi. Swali la msingi linaandikwa na kupelekwa mapema, linapewa namba, waziri anaandaliwa jibu na wataalamu wake, kwa hiyo siku linapoulizwa hakuna anayeshtuka. Uzito upo kwenye yale maswali mawili ya nyongeza yanayofuata hapohapo, kwa sababu yale waziri hajaandikiwa jibu lake. Mbunge aliyejiandaa ananyanyuka anasema nakushukuru Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Serikali nina maswali mawili ya nyongeza, halafu anauliza mwaka wa fedha na kiasi. Ambaye hajajiandaa anatumia nafasi hiyohiyo kuuliza lini waziri atafuatana naye jimboni kwenda kujionea. Waziri anakubali kwa furaha, na kweli anaweza akaja, na tutampokea kwa ngoma, na ataondoka bila kuandika popote.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu lugha ya majibu ya Serikali ina ngazi zake na ukizijua hudanganyiki tena. Ukisikia "Serikali inatambua umuhimu wa" kitu fulani ujue hamna lolote lililoanza. "Mchakato unaendelea" maana yake kuna barua mahali. "Upembuzi yakinifu" ni pale wanapoangalia kama mradi unawezekana na una faida, "usanifu wa kina" ni pale michoro na gharama vinapoandaliwa, hapo angalau kuna mtaalamu ameshaenda mtoni na vifaa vyake. "Kulingana na upatikanaji wa fedha" ni kwamba hauna mstari kwenye bajeti. "Imetengwa shilingi kadhaa kwa mwaka wa fedha huu" ndo jibu la kwanza lenye nyama, na hata hapo bado, kwa sababu kutengwa na kutolewa ni vitu viwili tofauti, Bunge linaweza kuidhinisha kiasi kikubwa na mpaka mwezi wa tano kikawa kimetoka kipande tu. Ndo mana swali zuri kuliko yote mwezi wa pili au wa tatu siyo mmetenga ngapi, ni zimetoka ngapi. Wabunge wanaouliza hivyo wapo, siyo wengi, na ukiwasikiliza utawatambua ndani ya dakika moja.

Kifaa cha pili ndo ninachokipenda kuliko vyote, shilingi. Nadhani umeshawahi kusikia mbunge anasema "nisiporidhika na majibu nitashika shilingi" na ukadhani ni maneno ya jukwaani. Ni utaratibu kabisa. Kila wizara ikimaliza kujadiliwa, Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi na kupitisha mafungu moja baada ya jingine, na wakifika kwenye kifungu chenye mshahara wa waziri hapo ndipo wabunge wanaomba ufafanuzi wa mambo ya sera. Waziri anajibu. Mbunge hajaridhika, anatoa hoja kwamba mshahara wa waziri upunguzwe kwa shilingi moja. Shilingi moja tu! Siyo kwamba waziri atalala njaa, ni kwamba hoja imeshawekwa mezani, wengine wanasimama kumuunga mkono, inajadiliwa palepale, waziri analazimika kunyanyuka tena na mara nyingi ananyanyuka na ahadi ambayo asubuhi hakuwa nayo, kwa sababu hakuna waziri anayetaka kuondoka ukumbini huku shilingi yake imeshikwa. Unakumbuka ile Ibara ya 99, mbunge anaweza kupunguza hawezi kuongeza? Basi shilingi ndo namna ya kutumia huo mlango mdogo alioachiwa.

Mara nyingi mbunge anarudisha shilingi baada ya ahadi, na hapo ndo pa kuangalia: ameirudisha kwa ahadi gani? Ya tarehe na kiasi au ya "Mheshimiwa Mbunge ni rafiki yangu tutakaa tulizungumze"? Zote zinaandikwa kwenye Hansard. Na kuna saa, muda ukiisha wanatumia gilotini, mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa pamoja bila maswali, kwa hiyo mbunge aliyepanga kusubiri mpaka mwisho anaweza kukuta mlango umefungwa. Nimeshasikiliza jioni kama hizo redioni, unamsikia mwenyekiti anasoma mafungu haraka haraka, wabunge wanaitikia, mabilioni yanapita kwa dakika chache.

Usidhani Serikali haitikisiki kabisa. Julai 2011, wakati wa mgao mkali wa umeme, wabunge walikataa kumezeshwa bajeti ya Nishati na Madini, wa chama tawala na wa upinzani kwa pamoja, mpaka Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasimama kuomba iondolewe ikarekebishwe irudishwe baada ya wiki tatu, na ikarudi Agosti. Hilo lilifanywa na wabunge haohao tunaowaona kazi yao ni kugonga meza.

Sasa kamati, ambako kamera hazipo sana. Kila mbunge anapangiwa kamati ya kudumu na ukweli ni kwamba kazi yenye uzito inafanyika huko, muswada unachambuliwa kifungu kwa kifungu, watendaji wa wizara wanakaa mezani na makabrasha, wadau wanaitwa kutoa maoni. Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, ndo zinazopokea ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo Rais anakabidhiwa mwishoni mwa Machi na bungeni inafika Aprili. Kwa desturi hizi mbili zinaongozwa na mbunge wa upinzani, na kuna sababu, huwezi kumpa mtu akague mfuko wa nyumba yake mwenyewe.

Mifano miwili ya kamati ambayo nchi nzima inaikumbuka. Ya kwanza ilikuwa kamati teule ya Richmond, mkataba wa kuzalisha umeme wa dharura, mwenyekiti Harrison Mwakyembe aliyekuwa mbunge wa Kyela, Spika akiwa Samuel Sitta. Ripoti ikasomwa Februari 2008 na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, mawaziri wengine wawili wakafuata, Baraza la Mawaziri likavunjwa. Ya pili ni Tegeta Escrow, Novemba 2014, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizochotwa kwenye akaunti ya malipo ya umeme iliyokuwa Benki Kuu, PAC ikiwa chini ya Zitto Kabwe wa upinzani na makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM, mbunge wa Ludewa. Desemba Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, waziri mmoja akatenguliwa, mwingine akajiuzulu Januari 2015. Angalia hao wenyeviti na makamu wametoka wapi. Richmond iliongozwa na mbunge wa CCM dhidi ya serikali ya CCM. Escrow ilisomwa na watu wa vyama viwili wakipokezana. Kwa hiyo ile hoja kwamba mbunge wa chama tawala hawezi kusimamia Serikali mimi siikubali, anaweza, imeshafanyika, inategemea kama yupo tayari kulipa gharama yake.

Na gharama ipo, hapa ndo tuingie kwenye maisha yenyewe ya mbunge kama kazi, maana vipaumbele vyake huwezi kuvielewa bila kujua kiti chake kinatoka wapi na kinaweza kwenda wapi.

Kuingia siyo kugumu kwenye karatasi. Ibara ya 67 inataka uwe raia, umetimiza miaka 21, unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na uwe mwanachama na mgombea wa chama cha siasa. Hicho cha mwisho ndo kizito. Hatuna mgombea binafsi, na ukishaingia Ibara ya 71 inasema ukiacha kuwa mwanachama wa chama kilichokuleta na kiti kimeondoka. Maana yake mbunge ana waajiri wawili, sisi mara moja kila baada ya miaka mitano, na chama muda wote. Kwenye majimbo mengi mchujo mkali haupo siku ya uchaguzi mkuu, upo kwenye kura za maoni ndani ya chama, kwa wajumbe. Sasa fikiria wewe ni mbunge, una Jumamosi moja tu jimboni, uende kukaa na wajumbe wanaokujua kwa majina au ukasome muswada wa kurasa mia moja? Ni swali la kweli, na jibu lake tunaliona kila siku.

Viti maalum ndo kabisa. Vilianza 1985, leo Katiba inataka wanawake wa kundi hilo wasipungue asilimia 30, na vinagawanywa kwa kura za chama na orodha ya chama. Vimeleta wanawake wengi bungeni ambao tusingewapata, hilo nalitetea popote, lakini mwenye kiti hicho anajua orodha ijayo inaandikwa wapi. Sakata la wale wabunge 19 wa CHADEMA lilionyesha mkanganyiko wote, chama kikawafukuza uanachama Novemba 2020 siku chache baada ya kuapishwa, kikasema hakikuwateua, wao wakapinga, wakaenda mahakamani na huku wakaendelea kukaa bungeni.

Kuna kamba nyingine isiyosemwa sana. Mawaziri wetu wanateuliwa kutoka miongoni mwa wabunge, na Waziri Mkuu lazima atoke kwa wabunge wa kuchaguliwa majimboni. Kwa hiyo mbunge kijana mwenye akili na ndoto za uwaziri anasimama ukumbini akijua aliye mbele yake ni mtu anayeweza kuwa bosi wake au mwenzake kesho. Simlaumu kwa kuwa na ndoto, nani hana, ila ukisikia mchango wa dakika kumi ambao dakika nne ni pongezi, mpaka kengele ya kwanza inalia bado hajaingia kwenye jimbo lake, sasa unajua zile dakika zimeenda wapi. Na juu ya hapo, Ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja Bunge likikataa bajeti, yaani mbunge anayesema hapana kwenye kura ya bajeti kuu, ile ya kuitwa jina moja moja, anajua kwamba hapana zikiwa nyingi wote wanaweza kurudi kuomba kura upya.

Mtu ambaye safari yake inaonyesha haya yote kwa pamoja ni huyohuyo Zitto Kabwe, umpende usimpende. Aliingia 2005 Kigoma Kaskazini akiwa hata miaka 30 hajafika. Agosti 2007 akaleta hoja ya kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliosainiwa London, Bunge likamsimamisha. Miezi michache baadaye Rais Kikwete akamweka kwenye kamati ya Jaji Mark Bomani ya kuangalia sekta ya madini, na 2010 ikaja sheria mpya ya madini. Aprili 2012 baada ya ripoti ya CAG akazungusha karatasi ya kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, Katiba inataka asilimia 20 ya wabunge wote, akapata zaidi ya 70, hoja yenyewe haikufika kupigiwa kura lakini mwezi wa tano mawaziri 6 wakawa nje. 2015 akaachana na chama chake na kiti kikaenda nacho, akarudi mwaka huohuo na chama kingine kupitia Kigoma Mjini, 2020 akashindwa. Hesabu mwenyewe madaraja mangapi yapo kwenye hiyo orodha.

Na kuna wanaopoteza kiti kwa kitu kidogo kabisa, mahudhurio. Ukikosa mikutano mitatu mfululizo ya Bunge bila ruhusa ya Spika kiti kinakuwa wazi, Joshua Nassari wa Arumeru Mashariki yalimkuta hayo Machi 2019. Kwa hiyo mahudhurio yanaandikwa, na sisi tuna haki ya kuyauliza.

Nirudi kwenye muda kwa sababu ndo kitu ambacho kingetusaidia sisi wananchi kuliko vyote na ndo tunachochelewa nacho kila mwaka. Mfano unaouma ni tozo za miamala ya simu za 2021. Muswada wa Sheria ya Fedha ulisomwa, Kamati ya Bajeti ikasikiliza wadau, wabunge wakachangia, ukapita mwezi wa sita, yote haya hadharani. Tozo ikaanza tarehe 15 Julai, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, na hapo ndo nchi ikaamka, kelele kila kona, mpaka Septemba ikapunguzwa asilimia 30 na miaka iliyofuata ikaendelea kupunguzwa. Kelele zilifanya kazi, sawa, lakini kelele hizohizo zingepigwa wiki ya pili ya mwezi wa sita zingemkuta mbunge bado ana kura mkononi. Julai anakuwa ameshapiga.

Na sheria hiyohiyo ya 2021 ndo iliyoongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli ili ziende kwenye barabara za TARURA. Hiyo ilitokana na nini? Miaka kadhaa ya wabunge kusimama mmoja mmoja kusema TARURA hawana hela, mgawo mkubwa unaenda TANROADS, barabara za vijijini zinakufa. Maana yake ile michango ambayo mmoja mmoja tuliiona ya kulalamika ilijikusanya ikawa fedha. Tumelipa sisi kwenye mafuta, na ndo kinachonifanya niseme tuna haki ya kuuliza zimelala barabara gani.

Mwaka wa fedha unaanza Julai lakini daraja linazaliwa au kufa kabla ya hapo. Novemba mpaka Januari vijiji na kata zinatakiwa ziwe zimeshapeleka vipaumbele vyao, mkutano mkuu wa kijiji, halafu kamati ya maendeleo ya kata, halafu Baraza la Madiwani ambako mbunge naye ni mjumbe mwenye kura, hapo watu wengi hawajui kabisa, mbunge ni mjumbe wa halmashauri yako na anaweza kukaa na diwani wako meza moja. Bungeni nako mwezi wa kumi na moja wanajadili mapendekezo ya Mpango wa mwaka unaofuata. Kwahiyo kitu ambacho hakipo kwenye karatasi mpaka Februari, mbunge akikisemea Aprili anakuwa anaomba nafasi kwenye basi lililojaa. Na sisi mikutano yetu mikubwa na mbunge tunaifanya lini? Bunge likishaahirishwa, mwezi wa saba wa nane, wakati kitabu kimeshafungwa, tunampa orodha ndefu, anaandika kwenye daftari, tunapiga makofi.

Kuhusu misiba, harusi, ada za watoto na michango, nitasema kifupi. Najua mtu mwenye mgonjwa hana muda wa kusikia Ibara ya 63. Lakini kila shilingi tunayomdai mfukoni tunamfundisha kwamba kiti kinalindwa kwa mfuko, na mfuko wa mshahara hautoshi watu wa jimbo zima, kwa hiyo ama atakimbia simu zetu au ataitafuta hela mahali ambapo hatutapenda kupajua. Mimi binafsi niliacha kumwomba mbunge mchango, namwandikia ujumbe wa maswali. Mara nyingi hajibu. Msaidizi wake anajibu.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja tulikaa kijijini, mkutano mkuu, akidi ilitimia kwa shida. Yule mama wa daraja alikuwepo. Tukaandika kwenye muhtasari kwamba kivuko kile ndo kipaumbele cha kwanza cha kijiji, siyo cha saba katikati ya orodha kama miaka yote, mtendaji akapiga muhuri, nakala kwa diwani, nakala kwa meneja wa TARURA wilaya, nakala kwa ofisi ya mbunge. Chini ya ile ya mbunge tukaambatanisha ukurasa wa Hansard wenye lile jibu la upatikanaji wa fedha, tumelipigia mstari, na swali moja tu: limeingia bajeti ya mwaka gani, kwa shilingi ngapi?

Mwezi wa pili msaidizi wake akapiga simu kuuliza mto una upana gani. Ni mara ya kwanza mtu wa ofisi ile kuuliza hivyo. Daraja bado halipo, watoto bado wanasubiri maji yapungue. TAMISEMI, wizara ambayo TARURA ipo chini yake, kwa kawaida wanaingia ukumbini katikati ya Aprili, na mama ameniambia siku hiyo hatoenda shamba, atakuja na redio yake tukae tusikilize wote kama Mheshimiwa atashika shilingi.